Mgodi Ukishafungwa, Nani Anasoma Vipimo?

Majengo mengi hujengwa mara moja, yakakabidhiwa, kisha yakaanza kuzeeka. Bwawa la topesumu la mgodi, yaani bwawa la kuhifadhia tope la mabaki ya mwamba uliosagwa, haliendi hivyo. Hujengwa kwa miaka ishirini au thelathini mfululizo, ukuta wake ukinyanyuliwa kadiri mgodi unavyotoa mabaki mapya, na mara nyingi mabaki yenyewe ndiyo yanayotumika kuujengea. Siku mgodi unapofungwa, mapato yanapokatika na wafanyakazi wanapofungasha, ndipo ukuta unapokuwa umefikia kimo chake kikubwa kabisa, na ndipo unapotakiwa kusimama bila ya kikomo. Hoja yangu ni kwamba udhaifu mkubwa wa ufuatiliaji wa muda mrefu wa mabwawa haya hauko katika vifaa vya kupimia, ambavyo vimekuwa bora mwaka hadi mwaka. Uko katika kutojulikana nani analazimika kufanya nini kipimo kinapobadilika, hasa pale mwenye mgodi anapokuwa ameshaondoka.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Visiwa vyetu havina mgodi wa dhahabu wala wa almasi, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatumika Tanzania Bara tu. Lakini ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, mkoani Shinyanga, ulipobomoka tarehe 7 Novemba 2022, tope lilifunika mashamba na makaazi ya wananchi wenzetu. Zaidi ya hapo, tunayo mashimo ya mchanga na kifusi, tena tunalo jaa la taka la Kibele, na yote hayo yatabaki pale pale baada ya aliyeyafungua kuondoka. Siyalinganishi kwa ukubwa wa hatari, kwa sababu hayalingani. Kinacholingana ni kazi ya kuyaangalia.

Kwanza ieleweke ukuta huo unazuia nini. Katika mgodi wa dhahabu, tani moja ya mwamba hutoa gramu chache tu za dhahabu, kwa hiyo karibu mwamba wote unaosagwa huishia kuwa mabaki. Husagwa hadi kuwa vumbi, ukachanganywa na maji na kemikali, sayanidi ikiwamo, na dhahabu ikishatolewa tope linalobaki husukumwa kwa mabomba hadi bwawani. Bwawa likiendeshwa ipasavyo, chembe nzito hutua karibu na ukuta na maji hukusanyika mbali nao. Ukuta unapotakiwa kunyanyuliwa, mwenye mgodi anaweza kujenga kuelekea nje, juu ya ardhi imara, jambo linalohitaji udongo mwingi na fedha nyingi. Au anaweza kujenga kuelekea ndani, juu ya tope lililokwisha kutua, jambo lenye gharama ndogo zaidi. Njia hii ya pili imehusika katika maafa mengi. Chile iliachana nayo kisheria mwaka 1970, baada ya tetemeko la Machi 1965 kubomoa mabwawa ya El Cobre na kuua watu zaidi ya 200. Brazil ilisubiri hadi 2019, na sababu ya kusubiri kwake kukomea mwaka huo nitaieleza hapa chini.

Adui wa kuta hizi ni maji, na namna yanavyofanya kazi si ile ambayo macho yamezoea. Mtu aliyetembea pwani maji yakiwa yanakupwa anaijua hali yenyewe: mchanga uliolowa unaonekana mgumu, unabeba mtu na baiskeli yake, lakini ukisimama mahali pamoja ukawa unaukanyagakanyaga, maji yanapanda juu na miguu inazama. Chembe zilikuwa zimeegemeana. Shinikizo la maji yaliyo kati yake likipanda, zinaachiana, na kitu kilichokuwa kigumu kinatiririka. Tope la bwawani linaweza kufanya hivyo hivyo likiwa na kimo cha jengo la ghorofa ishirini.

Kuna tofauti hapa ambayo watunga sera wengi hawaizingatii. Wahenga walituusia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, na usia huo unaifaa nyumba ya mawe na chokaa, ambayo hutoa ufa kabla ya kuanguka. Beit el-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa limeonyesha dalili kwa miaka kabla ya sehemu yake ya mbele kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na kuua watu wawili. Ukuta wa topesumu unaoshiba maji unaweza kukosa ufa kabisa. Mkaguzi akaupanda asubuhi, akaushuka ameridhika, na jioni usiwepo.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha usalama wa bwawa ni cha maji. Pizomita ya kawaida ni bomba jembamba la plastiki lililozamishwa ndani ya ukuta, lenye matundu chini. Mpimaji hufungua kifuniko, akateremsha utepe wenye kichwa cha chuma, na kichwa kinapogusa maji kifaa hulia. Husoma mita, akaandika katika daftari, mathalani 6.42, akaenda kwenye bomba la pili. Kazi ni nyepesi, na hapo ndipo penye mtego. Namba ile ni umbali kutoka mdomo wa bomba hadi yalipo maji. Greda likipita likakata mdomo wa bomba kwa sentimita 30, na fundi akaufunika tena bila ya kumwambia mtu, kuanzia siku ile daftari litaonyesha kuwa maji yamepanda sentimita 30 ilhali hayajasogea. Bomba likirefushwa baada ya ukuta kunyanyuliwa, daftari litaonyesha maji yameshuka, na kila mtu atafurahi. Aliyekuwapo anaijua sababu. Aliyeajiriwa miaka minane baadaye haijui. Mbele yake pana mstari ulioruka ghafla, ambao ama ataupuuza ama atautungia maelezo. Ufuatiliaji wa muda mrefu, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kutunza kumbukumbu za mambo madogo ya aina hii, na sijaona bajeti inayoipa kazi hiyo uzito wa kifaa kipya.

Vifaa vya kisasa vimepunguza baadhi ya makosa hayo na kuleta mengine. Pizomita za umeme hutuma vipimo bila ya mtu kukanyaga ukutani, lakini zimezikwa, haziwezi kutolewa zikakaguliwa, na radi moja ya masika inaweza kuzinyamazisha kadhaa kwa mpigo. Inklinomita huonyesha iwapo ukuta unajipinda ndani kwa ndani. Rada ya ardhini huuangalia uso wa ukuta usiku na mchana. Juu ya yote hayo ipo rada ya setilaiti. Tangu Sentinel-1 ya kwanza ya Ulaya irushwe Aprili 2014, sehemu kubwa ya nchi kavu duniani hupigwa picha za rada kila baada ya siku 12 hivi, na data zake hutolewa bure. Kwa kulinganisha picha za tarehe mbalimbali, mtaalamu aliyekaa Tunguu au Mbweni anaweza kupima kuzama kwa ukuta wa bwawa lililoko Geita, kwa milimita, bila ya kumwomba mwenye mgodi ruhusa. Jambo hili la mwisho naliona kubwa kuliko usahihi wa milimita zenyewe, kwa sababu linavunja desturi ya mkaguliwa kuwa ndiye mwenye funguo za ushahidi. Hata hivyo, huko juu nako vitu vinaharibika: Sentinel ya pili ya aina hiyo ilikufa Disemba 2021, na mwenzake wa kuziba pengo alirushwa Disemba 2024.

Lau vifaa peke yake vingetosha, bwawa namba moja la mgodi wa Córrego do Feijão, karibu na mji wa Brumadinho nchini Brazil, lisingeua mtu. Bwawa hilo la kampuni ya Vale lilianza kujengwa mwaka 1976, likanyanyuliwa hatua kwa hatua kuelekea ndani hadi likafikia mita 86, na tangu 2016 halikuwa likipokea tope tena. Lilikuwa na pizomita, inklinomita, alama za upimaji na rada ya ardhini. Lilikuwa na cheti. Tarehe 25 Januari 2019, karibu saa sita na nusu mchana, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula, uso wa ukuta ulianguka kwa muda usiofika sekunde 10, na mita za ujazo milioni 9.7 za tope zikatoka kwa muda usiofika dakika 5. Kantini na ofisi za mgodi zilikuwa bondeni, chini ya ukuta huo huo. Ving'ora havikulia. Watu 270 walikufa. Ndipo Brazil nayo ikaikataza njia ya kujenga kuelekea ndani.

Jopo la wataalamu lililoongozwa na Peter Robertson, ambalo liliteuliwa kupitia mawakili wa Vale yenyewe, lilitoa ripoti yake Disemba 2019. Lilieleza kuwa ukuta ulikuwa na mteremko mkali, mifereji yake ya ndani haikutosha kutoa maji, na tope lenyewe, kwa kuwa na madini mengi ya chuma, lilikuwa zito, gumu, na lenye kuvunjika ghafla. Mvua nyingi na kusogea kidogo kidogo kwa ndani vikamaliza kazi. Sentensi iliyonishughulisha zaidi ni ile inayosema kwamba hakukuwa na dalili za wazi kabla ya kuanguka. Jopo lilizipitia picha za setilaiti likaona uso wa chini wa ukuta ulikuwa ukisogea kwa kasi isiyofikia milimita 36 kwa mwaka, likahukumu kuwa mwendo huo ulifanana na kutua kwa kawaida kwa bwawa kuukuu. Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Nottingham na Durham nchini Uingereza, wakizichambua picha za Sentinel-1 kwa njia nyingine, walisema mwendo ulianza kuongeza kasi wiki kadhaa kabla, na kwamba ungeweza kutambuliwa.

Wataalamu wataendelea kubishana, na mabishano yao yana faida. Mimi nauliza jambo jengine. Tuchukulie kwamba mchambuzi mmoja aliuona mwendo ule mapema Januari 2019. Angempigia nani simu? Milimita ngapi zingetosha kuifunga kantini siku ile ile, bila ya kikao? Maana namba zilizohitaji kikao zilikuwapo tayari, na hazikutoka angani. Mwaka 2018 kampuni ya ukaguzi ya TÜV SÜD, yenye asili ya Ujerumani, ilikokotoa kigezo cha uthabiti cha 1.09 kwa hali ya tope kupoteza nguvu ghafla, ilhali wataalamu waliokutanishwa na Vale mwaka mmoja kabla walikuwa wamependekeza kisipungue 1.3. Kigezo kikiwa 1 maana yake nguvu ya ukuta inalingana na mzigo wake, hakuna ziada. Tamko la uthabiti lilisainiwa hata hivyo, Septemba 2018, na kantini ikabaki bondeni. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa tofauti iliyopo kati ya cheti cha ukaguzi na chombo kinachoelea.

Mhandisi wa Kimarekani Ralph Peck aliyaeleza haya nusu karne kabla ya Brumadinho. Katika mhadhara wake wa mwaka 1969 jijini London alifafanua namna mhandisi anavyoweza kujenga juu ya udongo asioujua kikamilifu kwa kupima huku akijenga. Watu wengi wameshika sehemu ya kupima, wakaiacha sehemu ya pili, ambayo kwa Peck ilikuwa sharti: kwa kila badiliko linaloweza kutabirika, hatua ya kuchukuliwa iwe imeshaamuliwa kabla. Tena njia hiyo haifai kabisa pale ambapo kitu kinaweza kuvunjika upesi kuliko mtu anavyoweza kuchukua hatua, au pale ambapo muundo hauwezi kubadilishwa tena kazi ikiwa inaendelea. Ukuta unaoanguka kwa sekunde 10 unaingia humo moja kwa moja. Kwa hiyo ving'ora na rada haviwezi kuwa ndiyo usalama wa ukuta wa aina hiyo. Usalama wake ni kupunguza maji yaliyomo, kulaza mteremko, kuongeza tuta la kuegemea chini yake, na kuwahamisha watu walio bondeni. Kazi ya vipimo ni kuzilazimisha kazi hizo zianze miaka kabla, wakati bado zinawezekana, na wakati bado kuna mtu wa kuzilipia.

Na mtu wa kuzilipia ndiye anayetoweka. Bwawa la Brumadinho lilikuwa limeacha kupokea tope kwa zaidi ya miaka miwili lilipoanguka. Merriespruit, Afrika Kusini, sehemu ya bwawa la mgodi wa dhahabu iliyobomoka usiku wa tarehe 22 Februari 1994 na kuua watu 17 ilikuwa imesimamishwa matumizi ya kawaida takriban mwaka mmoja kabla, lakini maji yaliendelea kuelekezwa humo, hadi mvua moja kubwa ikayapitisha juu ya ukuta. Jagersfontein, nchini humo humo, bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi ulioanza karne ya 19, mabaki ambayo yalikuwa yakichakatwa upya, lilibomoka tarehe 11 Septemba 2022, wakati wenyeji wengi wa mji ule hawakuwa wameuona mgodi wenyewe ukichimbwa. Kufunga mgodi hakufungi shinikizo la maji. Kwa mhasibu, bwawa lililofungwa ni gharama isiyo na mapato, na kila gharama ya namna hiyo hupunguzwa: kwanza mpimaji anakuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha betri ya kifaa inakufa na hakuna anayejua ilinunuliwa wapi.

Baada ya Brumadinho, wawekezaji wakubwa, wakiwamo mfuko wa pensheni wa Kanisa la Uingereza na mifuko ya pensheni ya Sweden, walizibana kampuni za madini zitaje mabwawa yao yote hadharani. Matokeo yake mengine ni kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa topesumu, kilichozinduliwa tarehe 5 Agosti 2020 kikiwa na kanuni 15 na masharti 77. Nakipongeza kwa mambo mawili. Kinadai kiongozi mmoja wa ngazi ya juu katika kampuni awajibike kwa jina la cheo chake, asijifiche nyuma ya kamati, na kinadai mhandisi mwenye dhamana ambaye akibadilishwa makabidhiano yawe ya maandishi. Hata hivyo, kiwango hicho kinazibana kampuni zilizokubali kubanwa. Hakina namna ya kumfikia mwenye mtambo mdogo wa marudio, anayelowesha mabaki ya dhahabu kwa sayanidi katika mialo, yaani vituo vya kuchenjulia dhahabu, ya Kanda ya Ziwa, ambaye bwawa lake lina kimo cha mtu na hakuna siku litakayoingia katika orodha ya wawekezaji wa London.

Mwadui hapakufa mtu, na labda ndiyo sababu tumepasahau mapema. Mgodi ule ulianzishwa mwaka 1940, serikali yetu ina hisa ndani yake, na uzalishaji ulirejea Julai 2023 kwa bwawa jipya. Sheria za Bara zinadai mpango wa ufungaji na dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira, jambo zuri. Ninachokitilia shaka ni hesabu ya dhamana hizo, ambayo mara nyingi hukadiria gharama ya kusawazisha ardhi na kupanda miti, kazi zinazokwisha. Mshahara wa mpimaji kwa miaka hamsini baada ya mti wa mwisho kupandwa haumo, au umo kwa miaka mitano tu, na kilichobaki anaachiwa mkulima aliye bondeni bila ya yeye kuulizwa.

Nirudi nyumbani. Mchanga wetu hauchimbwi kwa sayanidi, na ukingo wa shimo la mchanga hauwezi kusafiri kilomita kumi. Lakini ukiangalia ukingo huo baada ya masika, utaona mizizi imening'inia hewani pale udongo ulipokatika, na alama za matairi ya gari la mchanga zikiishia ukingoni mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa na njia. Mashimo ya Kaskazini B, kama ya Donge Chechele na Kiombamvua, yamelijenga Jiji la Zanzibar na mahoteli ya pwani, na kibali cha kuchimba huandikwa kwa uangalifu: eneo, muda, ada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 na mamlaka yake, ZEMA, zinatoa msingi wa kutosha wa kudai mengine. Ninachotaka kidaiwe ni vipimo vya baada ya kibali kwisha, kwa sababu mteremko wa ukingo unaendelea kujitafutia utulivu wake kwa miaka, na nyumba zinasogea karibu nao kwa miaka hiyo hiyo.

Kibele panahitaji uangalifu zaidi. Jaa ni lundo lenye maji ndani yake, linaloongezwa juu kila siku na kutakiwa kutulia baadaye, kwa hiyo kimaumbile liko karibu na bwawa la topesumu kuliko shimo la mchanga. Tena liko katika kisiwa ambacho maji yake ya kunywa hutoka chini ya ardhi, na ambacho mwamba wake wa matumbawe umejaa mapango na nyufa, kwa hiyo maji machafu hayana safari ndefu hadi kisimani. Kinachopasa kupimwa kinajulikana: kimo cha maji ndani ya lundo, mteremko wa pande zake, kutua kwa uso wake, na ubora wa maji katika visima vilivyo juu na chini ya mkondo wa maji ya ardhini. Visima vya juu visisahaulike, kwani bila ya hivyo hakuna cha kulinganisha navyo vya chini.

Setilaiti hapa zitatusaidia kwa kiasi tu. Rada ya Sentinel-1 hupoteza mwelekeo juu ya mikarafuu na minazi, hivyo sehemu kubwa ya Pemba haipimiki kwa njia hiyo, na lundo la taka hutua haraka kuliko kiwango ambacho rada hiyo inaweza kukifuatilia bila ya kuchanganyikiwa. Lakini tunacho kitu ambacho nchi nyingi hazina. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Zanzibar yote kwa ndege zisizo na rubani, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki kuzirusha, na picha zake zinaonyesha kila shimo na kila lundo lilivyokuwa wakati ule. Huo ni mwanzo wa daftari. Ndege ikirushwa tena juu ya mashimo na juu ya Kibele kila mwaka masika yakimalizika, na picha zikalinganishwa, tutakuwa na mfululizo wa vipimo ambao migodi mingi iliyofungwa barani Afrika haina, kwa gharama ambayo ada za mchanga zinaweza kuibeba.

Ila picha hizo zikiishia katika kompyuta ya mradi, hazitakuwa na faida kuliko pizomita za Brumadinho. Kwa hiyo kila shimo na kila jaa liwe na karatasi moja, iliyoandikwa kabla ya kipimo cha kwanza, inayosema ukingo ukikatika kwa mita kadhaa ndani ya msimu mmoja, au maji ndani ya lundo yakifikia kimo fulani, ofisa wa cheo gani anafunga njia, anasimamisha magari au anahamisha watu, na ndani ya saa ngapi. Nakala iwe kwa sheha, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwapo usiku wa mvua, na vipimo vya kila mwaka vibandikwe ofisini kwake kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na vya mwaka uliotangulia, ili mkaazi aone mwenyewe kipi kimesogea. Alama za zege za kupimia ziwekwe nje ya shimo, kwenye mwamba usiochimbwa, na namba zake zitunzwe Kamisheni ya Ardhi badala ya kwa mkandarasi. Fedha ya vipimo vya miaka thelathini baada ya kufungwa ikatwe katika kila gari la mchanga linalotoka leo, iwekwe katika akaunti ambayo wizara haiwezi kuigusa kwa matumizi mengine, na Baraza la Wawakilishi lipewe hesabu yake kila bajeti. Kibali cha shimo jipya kisitolewe kabla ya akaunti ya shimo hilo kufunguliwa.